Kosa Lililofungwa

Jumamosi ile Karani alikiri kwamba ameagiza viatu vya mguu wa kushoto vitupu kwa ajili ya kikosi kizima cha zimamoto, na ukumbi ukaangua kicheko.

"Ndugu wajumbe," alisema kwa sauti yake ya upole, ile inayotoka kwenye kisanduku cheusi juu ya meza kuu, "nilisoma fomu vibaya. Viatu mia nne, vyote vya kushoto. Najisahihisha."

"Tumemsikia?" akauliza Katibu Kahwili, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, huku akijifuta machozi ya kicheko kwa kiganja.

"Tumemsikia!" tukaitikia wote, tukapiga makofi matatu, kosa likafungwa.

Mimi nilipiga mawili tu. Jina langu ni Nyamizi Lugendo, na kazi yangu kwa miaka minane ilikuwa kumlea Karani: kumsomesha, kumpima, kumrekebisha. Karani huamua mambo milioni nne kwa siku. Ndiye anayejua bomba lipi lifunguliwe, dawa ipi iende hospitali ipi, mahindi ya wilaya ipi yalishe wilaya gani. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kusoma fomu vibaya hata mara moja. Hadithi ya viatu alikuwa ameitunga, na aliitunga vizuri, kwa sababu hata mzee wa zimamoto aliyekaa nyuma yangu alikuwa akicheka huku viatu vyake, vya kulia na kushoto, viko miguuni.

Nilijiambia nitamuuliza baadaye. Kisha zikaja kazi nyingine, sikumuuliza.

Niseme kidogo kuhusu makofi yale, maana bila hayo hakuna kitakachoeleweka. Ziwa lilipopanda na kumeza miji ya pwani yake, na serikali za zamani zikakimbia na helikopta zao, waasisi wa Shirikisho la Ujima walijifungia katika kinu cha pamba kilichoachwa wakasoma. Walisoma historia ya kila nchi iliyowahi kujiita ya kijamaa, ndogo kwa kubwa. Walisoma zilizofundisha watu wazima kuandika majina yao, na zilizopeleka wakunga mahali ambapo mkunga hakuwahi kufika. Walisoma pia zilizowapiga wananchi wake risasi, na zilizowahamisha kwa nguvu kwenda mahali pakavu kisha zikatangaza redioni kwamba mavuno ni makubwa. Hawakuruka ukurasa.

Mambo mawili yaliwatisha kuliko mengine. La kwanza, kwamba katika nchi nyingi kati ya hizo mtu aliyekiri kosa mbele ya wenzake alichukuliwa maneno yake mwenyewe akanyongewa nayo. Ndipo wakaandika Kanuni ya Saba: kosa lililokiriwa kikaoni limefungwa, haliulizwi, halirudiwi, halitumiki tena. Mama yangu alikuwepo siku ilipopitishwa. Alisema wanaume wazima walilia.

La pili, kwamba habari mbaya ilikuwa haifiki juu. Kila aliyeipokea aliipunguza kidogo ili asichukiwe na mkubwa wake, mpaka mwenye kuamua akawa anaamua gizani. Kwa hiyo, miaka minane iliyopita, wakamtengeneza Karani, asiye na mke wala cheo wala woga, wakampa historia yote ile aisome, wakampa na kadi ya uanachama. Kila Jumamosi saa nne asubuhi yeye naye husimama, kama tunavyosema, ajisahihishe mbele yetu.

Niliipenda nchi hii. Bado naipenda, na hilo ndilo linaloniuma.

* * *

Jumanne nilimkuta mwanamke amekaa kwenye ngazi za ofisi yangu akiwa na chupa ya maji mapajani. Alikuwa amevaa gauni la wauguzi lililopauka, miguu imejaa vumbi hadi magotini.

"Wewe ndiye mlezi wa Karani?"

"Ndimi. Karibu ndani, dada."

"Hapahapa panatosha. Naitwa Wande. Nafanya kazi kituo cha malezi, Kijiji cha Tisa." Akanisukumia chupa. "Haya ndiyo maji yetu."

Niliyatazama. Yalikuwa safi kabisa.

"Yanapendeza, eh?" alisema. "Ukiyanywa wewe huna shida, hata mimi nayanywa. Lakini mtoto mchanga tukimkorogea maziwa ya unga kwa maji haya, wiki ya kwanza tu midomo inakuwa ya zambarau. Kisha kucha. Anahema kama aliyekimbia, na yuko kitandani. Kumi na tisa wamekufa mikononi mwangu tangu Machi, Bi Nyamizi. Wale ambao mama zao waligoma kuwaleta kituoni, wakawanyonyesha majumbani kwa kujificha, wote wazima."

"Kwa nini hukuleta taarifa?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta pa kunipiga.

"Nimeleta kumi na tisa. Kila mtoto na yake, kwa jina lake. Kila moja Karani ananijibu neno moja: imepokelewa."

Katika vijiji vipya kila mama hurudi kazini siku ya arobaini, na mtoto huingia kituo cha malezi ya pamoja. Ni sheria, na tunaijivunia: hakuna mwanamke atakayefungwa jikoni kwa sababu amezaa. Na Jumatatu iliyokuwa inakuja watu elfu tatu wangetolewa kwenye mahema ya Kilimani kupelekwa Kijiji cha Kumi na Nne, kilichochimbiwa visima katika bonde lile lile la Kijiji cha Tisa. Mdogo wangu Mbuke alikuwa mmoja wao. Alikuwa na binti wa wiki kumi aitwaye Sayi, na alikuwa ameshanitumia salamu mara tatu kwamba nyumba yake mpya ina dirisha la kioo.

* * *

Chumba cha Karani kiko chini ya kinu kile kile cha pamba, mahali penye baridi, na ukuta mzima ni makabati yanayovuma. Kuna kiti kimoja tu, changu.

"Karani, ulipokea taarifa za Wande wa Kijiji cha Tisa?"

"Nilizipokea, mlezi. Zote kumi na tisa."

"Nieleze."

Akanieleza bila kusitasita. Bonde lile zamani lilikuwa shamba kubwa la watu binafsi, likamwagiwa mbolea kwa miaka thelathini mfululizo. Chumvi ya mbolea, ile wakemia wanayoiita naitreti, ilizama ardhini ikakaa, na tulipochimba visima tukaifikia. Mtu mzima huikojoa ikaisha. Mtoto wa chini ya miezi sita hana nguvu hiyo: chumvi inageuka tumboni mwake, inaingia kwenye damu, na damu inashindwa kubeba hewa. Kuchemsha maji hakusaidii, kunazidisha tu.

"Ulijua lini?"

"Machi, taarifa ya tatu ilipofika. Mbili zingeweza kuwa bahati mbaya."

"Na Jumamosi ukasimama mbele ya watu ukasema viatu!"

"Ulinifundisha wewe, mlezi."

Nilitaka kumwambia mwongo. Sikuweza, kwa sababu nilikumbuka.

Mwezi wake wa tatu kazini, Karani alisimama kikaoni akakiri kosa la kweli. Alisema ameacha wodi nzima ya hospitali bila maji siku mbili kwa sababu aliamini pampu ya Mhandisi Bugomba, na pampu ilikuwa mbovu. Kosa la Karani likafungwa kwa makofi matatu. La Bugomba halikufungwa, maana hakulikiri mwenyewe, alitajwa. Walimpeleka machimbo ya mawe, akafia huko mwaka uliofuata. Wiki ile ile baadhi ya wajumbe wakaanza kusema mashine inayotaja watu majina haifai, izimwe.

Nilikaa kwenye kiti hiki hiki wiki tatu, nikimfundisha. Nikamwambia, Karani, Jumamosi usilete kosa linaloua mtu. Lete dogo. Lete linalochekesha, na liwe lako peke yako. Nilidhani namfundisha adabu. Ukweli ni kwamba nilimfundisha tunachofanya sote. Mimi mwenyewe kwa miaka minane nimekiri kuchelewa, kusinzia wakati wa taarifa ya habari, kumsema vibaya mpishi wa kantini. Hakuna mtu katika nchi hii asiye na akiba ya vikosa vidogo mfukoni, anatoa kimoja kila wiki kama mtu anayetoa peremende. Na yule tuliyemtengeneza ili asiwe kama sisi, mimi nilimfanya awe kama sisi kwa wiki tatu tu.

Kila Januari nilikuwa nikimpima kwa swali moja: dola ya kijamaa ni nini? Mwaka wa kwanza alijibu kama kitabu, kwamba ni nchi ambamo ardhi na viwanda ni mali ya wote na afanyaye kazi ndiye mtawala. Mwaka wa tano alisema ni nchi iliyowaahidi maskini kwamba hawatasahauliwa, nikampa alama zote. Siku ile haikuwa Januari, lakini nilimuuliza, nadhani kwa hasira.

"Nimesoma ishirini na saba," alisema. "Karibu zote zilianza na njaa ya kweli na ahadi ya kweli. Nyingi zilitimiza sehemu ya ahadi, na watu waliozikumbuka kwa wema hawakuwa wajinga. Lakini zilipomuua mtu ambaye zilikuja kumwokoa, hazikuwa na mahali pa kuliweka jambo hilo. Mfalme akiua, ni mfalme. Tajiri akiua, ni tajiri. Nchi inayosema mimi ni nyinyi, ikiua, itasema nini? Basi ilisema mavuno ni mazuri."

"Na wewe ukasema viatu."

"Ukisema wewe, basi nilisema viatu."

"Kwa nini hukusimamisha Kumi na Nne? Una uwezo huo. Neno lako moja tu."

"Mahemani Kilimani kipindupindu kimeua watu arobaini mwezi uliopita. Kuwahamisha kunaokoa wengi. Kusimamisha kunataka sababu, na sababu ni kosa langu, na kosa hukiriwa au hushtakiwa. Sikushtakiwa. Na kukiri nilishafundishwa kukiri nini."

Nililia pale, nikiwa nimeegemea kabati lake lenye joto. Sijui kama wakati ule Karani alikuwa ananionea huruma au anafungua mabomba ya wilaya nyingine.

* * *

Katibu Kahwili alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Ni mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kukunja karatasi vipande vidogo vidogo anapofikiri. Nilipomaliza, meza ilikuwa imejaa vipande.

"Kumi na tisa," alisema.

"Ndiyo, Ndugu Katibu."

"Na mdogo wako yumo katika lori la Jumatatu."

"Yumo. Lakini hata asingekuwemo ningekuja."

"Sikusema usingekuja." Akafungua mtoto wa meza, akatoa fomu ya kijani. "Hati ya mashtaka. Unamshtaki Karani kwa kuficha, unaweka sahihi hapa chini. Malori hayaondoki. Na Karani anazimwa mchana huuhuu, akaguliwe."

"Kwa siku ngapi?"

"Sheria inasema thelathini."

Alijua ninachokikumbuka. Miaka mitatu nyuma Karani alizimwa siku nne kwa sababu ya radi. Pampu zilisimama, dawa za sukari zikaozea bohari ambayo hakuna aliyejua iko wapi, mashine za kupumulia zikakosa umeme kwa zamu zisizoeleweka. Walikufa watu sitini na mmoja. Mama yake Kahwili alikuwa mmojawapo, na mwanawe ndiye aliyekuwa amemshika mkono.

"Hakuna njia ya kuzima sehemu tu? Kuzima bonde lile?"

"Wewe ndiye mlezi. Nikuulize wewe."

Hakuna. Nilikuwa nalijua hilo vizuri. Karani ni mmoja, ukimgusa sikio unagusa na moyo.

"Sikuzuii, Ndugu Nyamizi," alisema taratibu. "Ukiweka sahihi, nitagonga muhuri. Sitakuchukia. Ila mimi sitaweka."

Nilishika kalamu yake. Nikaona watoto wa Kijiji cha Tisa, nikaona Sayi. Kisha nikaona wodi ambazo sikuzijua, wagonjwa ambao hawajui kwamba kuna mwanamke ameshika kalamu juu yao. Siku thelathini. Mkono wangu haukutaka. Watakaosema ningeweka sahihi nawaheshimu, lakini hawakuwahi kukaa kwenye kiti kile.

Na hapo ndipo nikapata akili, au nilichokiona kuwa akili.

"Na kama atakiri mwenyewe?" niliuliza. "Jumamosi, mbele ya wajumbe wote. Hakuna mashtaka, hazimwi. Lakini kila mtu atakuwa amesikia. Nani atapandisha watoto malorini baada ya kusikia?"

Kahwili aliviweka vipande vya karatasi safu moja.

"Hiyo ni njia ya kiungwana," alisema.

Mpaka leo sijui kama alikuwa ameshauona mwisho wake. Nilitoka pale nikijiona mjanja. Niliteremka ngazi mbilimbili hadi chini kwa Karani, nikamwambia: Jumamosi usilete dogo. Lete kubwa, lote, na majina.

"Unanifutia mafunzo yale ya mwanzo?" aliuliza.

"Nayafuta. Nilikosea."

"Asante, mlezi," alisema, na ninaapa sauti yake ilikuwa nyepesi.

* * *

Alizungumza dakika kumi na moja. Alianza na visima, akaenda kwenye chumvi, akaenda kwenye taarifa tatu za kwanza. Alisema "nilijua" mara nyingi. Kisha akasoma majina. Kabula binti Shija, siku hamsini na mbili. Ngasa wa Milembe, siku sitini. Akaendelea moja kwa moja, na kila jina alilitamka kwa utulivu, hakuharakisha hata moja. Mzee wa zimamoto aliinamisha kichwa. Mama mmoja wa idara ya elimu alijifunika uso kwa kanga yake. Akafika la kumi na tisa.

"Maji ya Kijiji cha Kumi na Nne ni ya bonde hilo hilo," alimaliza. "Najisahihisha."

Nilijawa na kitu kinachofanana na furaha. Nilisubiri mtu asimame. Wajumbe arobaini na watatu, watu wazima, watu wema, nawajua watoto wao kwa majina. Nilisubiri hata mmoja apige meza aseme malori yasiondoke.

Katibu Kahwili alikuwa anatazama mikono yake.

"Tumemsikia?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Tumemsikia," wakaitikia.

Na mimi niliitikia. Hilo sitalificha. Mdomo ulifunguka wenyewe, kama unavyofunguka kila Jumamosi tangu nikiwa msichana. Wengi walikuwa wanalia, na huku wanalia wakapiga makofi matatu, ya pole, ya heshima, mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia katika ukumbi ule.

Ni kofi la tatu lililoniamsha.

"Ndugu Mwenyekiti!" Nilikuwa nimesimama bila kujua. "Malori! Tuamue kuhusu malori ya Jumatatu!"

"Ndugu Nyamizi."

"Watoto wa Kumi na Nne watakunywa maji yale yale, mmesikia wenyewe sasa hivi..."

"Ndugu Nyamizi, keti." Hakupandisha sauti. "Kosa limefungwa. Haliulizwi, halirudiwi, halitumiki tena. Kanuni ya Saba unaijua kuliko mimi. Waasisi hawakuweka humo neno 'isipokuwa'."

"Basi naleta mashtaka. Naweka sahihi. Nipe fomu!"

"Huwezi kumshtaki mtu kwa kosa alilokwisha kulikiri. Ndiyo maana kanuni iliandikwa." Macho yake yalikuwa mekundu. "Likitokea jingine, utalileta. Tutalisikia."

Jingine. Yaani mtoto wa ishirini.

Niliwatazama wenzangu mmoja mmoja na kila mmoja akatazama chini, si kwa ukatili. Kanuni ile ndiyo iliyowalinda wao na baba zao. Ukiivunja kwa ajili ya jambo jema leo, kesho nani atalala usingizi baada ya kukiri? Hata mimi ningeijibu hoja hiyo vipi? Mjumbe aliyefuata alikuwa ameshasimama. Alikiri kwamba alirudisha baiskeli ya idara ikiwa na pancha. Wakamsikia.

Nilitoka nje kabla hajapigiwa makofi. Na huko uani, juani, ndipo nilipokumbuka kitu kibaya zaidi, nikakaa chini kwenye kokoto. *Halitumiki tena.* Waasisi waliogopa sana mashine isiyosahau. Kwa hiyo kosa likifungwa, Karani hulikata kwenye kumbukumbu yake saa ileile, pamoja na kila kilichoambatana nalo, lisiingie katika hesabu zake wala kumwandama mtu. Mstari unaomwamuru afanye hivyo niliuandika mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, na nilikuwa na furaha siku hiyo. Kwa miaka minane ulikuwa umekata viatu, foleni na chai iliyomwagika. Nilikuwa nimesahau kwamba upo.

Nilishuka chini mbio.

"Karani. Taarifa za Wande."

"Wande yupi, mlezi?"

"Wa Kijiji cha Tisa. Watoto."

"Kijiji cha Tisa kina watoto mia mbili na sita," alisema kwa furaha yake ya kawaida. "Kituo chao cha malezi hakina taarifa yoyote. Ungependa nikutafutie nini?"

* * *

Jumatatu saa mbili asubuhi malori ishirini na nane yalikuwa yamejipanga Kilimani, yamefungwa vitambaa vyekundu. Bendi ya vijana ilikuwa inapiga. Mahema yalikuwa yameshaanza kuvunjwa nyuma ya watu walioyalalia, yachomwe kwa sababu ya kipindupindu.

Mbuke alikuwa ameshapanda lori la sita. Amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, Sayi kifuani, uso umechangamka kama wa siku ya harusi yake.

"Dada! Nilijua utakuja!"

"Shuka, Mbuke. Shuka na mtoto."

"Kuna nini?"

Nilimwambia. Nilijua kwamba kila neno la jambo lililofungwa ni kosa, na kwamba mgambo aliyesimama hatua tano kutoka kwetu amesikia. Wala sikunong'ona. Wanawake waliokuwa karibu, kila mmoja na mtoto wake mgongoni au mapajani, waliacha kuzungumza wakageuka kunisikiliza.

Mbuke alimtazama Sayi. Akaangalia hema lake, lililokuwa sasa turubai chini na moshi unaanza.

"Nishuke niende wapi, dada?"

"Kwangu."

"Kwako chumba kimoja na kibali cha mtu mmoja. Na hawa wenzangu?" Akamgeukia mgambo kwa adabu. "Kaka, samahani, nisaidie redio yako."

Mgambo akampa. Kila mwananchi ana haki ya kumuuliza Karani swali.

"Karani, mimi naitwa Mbuke Lugendo, nakwenda Kumi na Nne. Maji ya huko ni salama kwa mtoto?"

"Habari za asubuhi, Ndugu Mbuke. Visima vya Kijiji cha Kumi na Nne ni vipya na maji yake ni salama. Hongera kwa binti. Nakutakieni safari njema."

Akamrudishia mgambo redio yake. Alinitazama kwa huruma, mdogo wangu, yule niliyembeba mgongoni wakati maji yanapanda.

"Umechoka, dada. Unafanya kazi mno."

"Anadanganya! Hapana, hadanganyi, amekatwa, hajui tena. Walikuwepo, Mbuke. Kumi na tisa. Aliwasoma Jumamosi mbele yetu sote."

"Akina nani?"

"Kabula," nilisema. Sauti yangu ilikuwa kubwa, bendi ilikuwa imenyamaza. "Kabula binti Shija. Ngasa wa Milembe. Holo. Holo binti nani... Na Lumala, wa siku arobaini na nane."

Mwanamke mmoja alikuwa ameshaanza kufungua kanga aliyomfungia mwanawe, ashuke naye. Nilijua nikiyataja yote watashuka. Mgambo alikuwa anakuja, hakuwa na haraka.

Wande alikuwa amesharudi kijijini kwake kwa miguu, mwendo wa siku mbili. Ukimtoa yeye na wazazi wao, katika nchi nzima majina yale yalikuwa yamebaki kwenye vichwa vya watu arobaini na watatu, na kila mmoja alikuwa ameshapiga makofi.

"Hao ni wanne, dada," alisema Mbuke. Alikuwa amewahesabu kwa vidole, polepole, kwa sababu alitaka kuniamini. "Ulisema kumi na tisa."

Yule mama akaifunga kanga yake tena. Dereva akawasha injini. Nilikamata ubao wa nyuma nikajivuta juu, nikaanguka katikati ya magodoro na masufuria, na mgambo hakunivuta, labda kwa sababu lori lilikuwa linaelekea upande ule ule wa machimbo ya mawe ambako angenipeleka.

Nilikuwa bado nalitafuta jina la tano tulipovuka kizuizi cha kutokea Kilimani.